Droni ilianguka kwenye maegesho ya jirani: uchambuzi wa kisa kimoja cha bima na dhima

Majina, mahali, tarehe na sarafu vimeondolewa. Ili hesabu ieleweke, gharama ya kutengeneza gari lililoharibika nimeiita 100, na fedha nyingine zote nimezipima kwa kuilinganisha na hiyo. Mimi niliitwa siku ya tatu baada ya tukio kusaidia upande wa kampuni iliyorusha droni. Kwa hiyo yaliyotokea kabla ya hapo nimeyapata kwa wahusika, kwenye barua zao, na kwenye kumbukumbu za droni yenyewe.

Usuli

Kampuni ilikuwa ya watu wawili, Mwenye kampuni na Msaidizi wake, na kazi yao ilikuwa kupiga picha na video za kibiashara kwa droni. Wote wawili walikuwa na vibali hai vya urubani. Droni yao ilikuwa ya propela nne, uzito wake gramu 900 hivi, ukubwa wa kuingia kwenye begi la mgongoni.

Walikuwa na hati mbili za bima. Ya kwanza ni bima ya dhima ya biashara, ile ambayo ofisi nyingi hukata: mgeni akiteleza ofisini, au fundi akivunja kitu cha mteja, bima inalipa. Mwenye kampuni aliamini hiyo inamlinda kila aendako. Haikumlinda, kwa sababu hati za aina hiyo kwa kawaida huwa na kighairi kinachoondoa madhara yanayosababishwa na vyombo vya angani, na kisheria droni ni chombo cha angani. Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, tayari unazungumzia ndege zisizo na rubani katika ibara yake ya 8.

Hati ya pili ndiyo ilikuwa ya droni. Ililipia dhima kwa watu wengine peke yake. Bima ya kulipia droni yenyewe ikiharibika Mwenye kampuni alikuwa ameiacha mwaka uliotangulia ili kupunguza ada. Jedwali la hati lilitaja mambo matatu yaliyokuja kuwa na uzito: jina la rubani, ambalo ni la Mwenye kampuni, namba ya chombo, na matumizi, "picha na video za kibiashara".

Kazi yenyewe ilitoka kwa Mkandarasi aliyekuwa akikarabati paa la ghala kubwa. Alitaka picha za karibu za mabati na misumari kabla ya kupandisha mafundi. Mkataba wa kazi ulikuwa kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: mtoa huduma atabeba hasara, madai na gharama zozote zitakazotokana na kazi hii kwa namna yoyote ile. Mwenye kampuni alitia saini akiwa amesimama, hati ikiwa juu ya boneti ya gari.

Siku ya tukio

Mwenye kampuni alikuwa na kazi nyingine siku hiyo, akamtuma Msaidizi peke yake. Walipanga kurushia uani, upande wa kusini wa ghala, lakini uani malori yalikuwa yanapakua. Msimamizi wa Mkandarasi akamwomba Msaidizi ahamie upande wa kaskazini, karibu na uzio. Alihama. Betri mbili za kwanza ziliisha bila tatizo.

Kwa betri ya tatu alipeleka droni ng'ambo ya paa, chini ya usawa wa kipaa. Paa la bati likakaa kati ya rimoti na droni, mawasiliano yakakatika. Droni ikafanya kile ilichotengenezwa kufanya ikipoteza mawasiliano: ilipanda hadi kimo ilichopangiwa, mita 30, kisha ikanyoosha kurudi ilikoanzia. Upande wa kusini njia hiyo ingekuwa wazi. Upande wa kaskazini kulikuwa na mlingoti wa antena unaozidi mita 30, umeshikiliwa na nyaya nne. Vihisi vya kuepuka vizuizi huona ukuta na mti, lakini waya mwembamba mara nyingi huvipita. Propela moja iligusa waya.

Droni iliangukia ng'ambo ya uzio, kwenye maegesho ya kampuni jirani, juu ya kioo cha mbele cha gari lililokuwa na Dereva ndani akisubiri. Vipande vya kioo vilimkata mkono. Alishonwa nyuzi tatu.

Watu husema "ni kadroni kadogo tu", basi nitafanya hesabu hapa. Gramu 900 zikianguka kutoka mita 30 zinabeba nishati ya kama jouli 265, ukiacha upinzani wa hewa. Kanuni za Umoja wa Ulaya, zinapoweka daraja la droni zinazoruhusiwa kupita karibu na watu, zinatumia jouli 80 kama kikomo cha nguvu inayoweza kufika kichwani mwa mtu. Kioo cha gari ndicho kilichopokea pigo badala ya kichwa cha Dereva.

Saa 72 za kwanza

Msaidizi alikimbia ng'ambo na sanduku la huduma ya kwanza, akamfunga Dereva mkono, akaita usafiri wa hospitali. Hilo alilifanya vizuri na nililisema mbele ya kila mtu. Kisha akiwa bado anatetemeka, alimwandikia Dereva kwa WhatsApp: "Kaka, nisamehe sana. Ni kosa langu, sikuangalia kimo. Gharama zote ni zetu, usijali."

Ni ujumbe wa mtu mwenye utu. Lakini karibu kila hati ya bima ya dhima ina sharti kwamba mwenye bima asikubali kosa wala kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni ya bima. Atakayelipa ni kampuni hiyo, na inataka iwe na nafasi ya kujibu madai yenyewe. Msaidizi hakuwahi kuona sharti hilo kwa sababu hakuwahi kuiona hati.

Mwenye kampuni naye hakupiga simu kwa kampuni ya bima siku hiyo wala siku iliyofuata. Aliogopa ada kupanda, akadhani watamalizana na mwenye gari kiungwana. Siku ya tatu ilifika barua kutoka kwa kampuni ya bima ya gari, na ndipo aliponipigia. Hapa watu wengi hushangaa. Mwenye gari hakumdai mrushaji. Alikwenda kwa bima yake mwenyewe, akatengenezewa gari, na kampuni ile, kwa kuwa imelipa, ikachukua nafasi yake ya kudai kwa aliyesababisha. Kumalizana kiungwana na mwenye gari kusingezuia barua hiyo.

Nilimwomba afanye mambo manne siku hiyohiyo. Kwanza, aarifu kampuni ya bima kwa maandishi, aeleze ukweli bila kutafsiri nani ana kosa, na aambatanishe ule ujumbe wa WhatsApp. Ungefichwa ungegunduliwa, na kuficha ni kosa zito kuliko kuukubali. Pili, droni ikae kama ilivyookotwa: betri isitolewe wala kuchajiwa, kadi ya kumbukumbu isifutwe. Tatu, anakili kumbukumbu za safari kabla programu haijasasishwa. Nne, aripoti kwa mamlaka ya anga. Wajibu huo hauhusiani na bima, na kila nchi ina kipimo chake. Kwa mfano, Marekani chini ya kanuni za droni ndogo ziitwazo Part 107, rubani ana siku 10 kuripoti ajali iliyojeruhi mtu vibaya au iliyoharibu mali, isiyo droni yenyewe, kwa zaidi ya dola 500.

Bima ilikataa kwanza

Jibu la kwanza la kampuni ya bima lilikuwa la kukataa, kwa sababu mbili: namba ya chombo haikulingana na jedwali, na aliyerusha si rubani aliyetajwa.

Kuhusu namba, miezi miwili kabla, droni ya awali iliharibika ikiwa bado na dhamana ya mtengenezaji, akatumiwa nyingine ya aina ileile yenye namba nyingine. Mwenye kampuni alikumbuka kumwandikia barua pepe mtu aliyemkatia bima. Tulitafuta barua hiyo na tukaipata, sentensi moja yenye namba mpya na picha ya kibandiko. Mtu yule hakuipeleka mbele. Swali likawa yeye ni nani. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima, na kumwarifu yeye kwa kawaida ni kuiarifu kampuni. Dalali anafanya kazi kwa niaba ya mteja, na akikalia barua, mteja hubaki kumdai dalali. Mkataba wake ulionyesha ni wakala. Hoja ya namba ikafa.

Hoja ya rubani ilichukua wiki nzima. Chini ya jina la Mwenye kampuni, kwa maandishi madogo, hati ilisema: au mtu mwingine yeyote aliyeruhusiwa na mwenye bima, mwenye kibali hai na saa zisizopungua 20 za kurusha aina hii ya chombo. Kibali kilikuwepo. Ruhusa ilikuwepo. Saa je?

Mwenye kampuni alikuwa na daftari la safari zake mwenyewe, lililoandikwa vizuri, kila safari na betri yake. Safari za Msaidizi hazikuwemo hata moja. Zilikuwa kwenye programu ndani ya simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka upande mmoja, ambayo ilibidi ichajiwe usiku kucha ndipo ikawaka. Tuliketi mezani tukazisoma moja moja. Jumla ilikuwa saa 31 na dakika 40. Tukafurahi, kisha Msaidizi akanyamaza na kuonyesha kidole: saa 12 na dakika 5 zilikuwa za droni nyingine, ndogo zaidi. Hati ilisema "aina hii ya chombo". Zilibaki saa 19 na dakika 35.

Zilipungua dakika 25, na kwa dakika hizo kampuni ya watu wawili ingebeba dhima yote.

Msaidizi ndiye aliyekumbuka. Kulikuwa na kazi ya siku mbili wakati simu hiyo ilikuwa kwa fundi, akarusha kwa tableti ya kuazima. Kumbukumbu za tableti zilishafutwa, lakini video za kazi hiyo zilikuwepo kwenye diski ya ofisi, na kila faili lilibeba saa, urefu na namba ya chombo kilichorekodi. Zilifika saa 1 na dakika 50. Mtathmini wa hasara aliyetumwa na kampuni ya bima alizipitia zote, akauliza maswali makali na ya haki, akazikubali. Jumla ikawa saa 21 na dakika 25.

Suala la matumizi liliulizwa pia: je, kukagua paa ni "picha na video"? Likaisha haraka, kwa kuwa droni ilibeba kamera tu na maoni ya kihandisi yalitolewa na Mkandarasi mwenyewe.

Matokeo

Kampuni ya bima ililipa upande wa Dereva na upande wa gari. Kampuni ya bima ya gari ilirudishiwa 90 iliyotoa. Mwenye gari alipata 10 aliyojilipia kwenye matengenezo pamoja na 22 ya kukodi gari jingine kwa siku sita. Dereva alilipiwa 4 ya matibabu. Jumla 126, na 15 ya kwanza kati ya hiyo ilibebwa na kampuni ya droni, kama hati ilivyosema. Kuhusu ujumbe wa WhatsApp, bima ilihifadhi kwa barua haki yake ya kukataa kulipa, kisha ikaiacha, kwa sababu kumbukumbu za safari zilionyesha ukweli uleule hata bila ujumbe huo. Laiti ukweli ungekuwa na utata, sidhani ingeachia.

Yasiyolipwa ni mawili. La kwanza ni droni, thamani yake 30, kwa kuwa haikuwa na bima. La pili ni dai la Mkandarasi. Mafundi wake walisimama nusu siku, akadai 40 kwa kutumia ile sentensi ya ukurasa wa pili. Bima ilikataa, na nilipoisoma hati nilikubaliana nayo kwa masikitiko. Dhima uliyojitwisha kwa mkataba, ambayo sheria peke yake isingekutwisha, hati nyingi huiondoa. Na hasara ya Mkandarasi haikutokana na kitu chake kuvunjika, ilikuwa ni muda tu. Walijadiliana hadi 18, Mwenye kampuni akalipa mfukoni mwake. Jumla ya kilichomtoka ni 63.

Nani alikuwa na dhima?

Mwenye kampuni aliniuliza swali hili mara nyingi kuliko lolote, na mara nyingi lilikuwa na maana ya "nani ana kosa". Ni maswali mawili tofauti.

Kosa lilikuwepo: kituo cha kurushia kilibadilishwa, kimo cha kurudi hakikubadilishwa. Msaidizi aliuona mlingoti, maana unaonekana kwenye picha zake za asubuhi. Huo ni uzembe kwa tafsiri yoyote ya kawaida. Na kwa kuwa alikuwa kazini, mwajiri anawajibika kwa kosa lake, kwa hiyo dai linamfuata Mwenye kampuni hata kama hakuwa kwenye eneo.

Lakini katika nchi nyingi, aliye chini haulizwi kuthibitisha uzembe hata kidogo. Mkataba wa Roma wa 1952 uliweka msimamo huo kwa ndege za kigeni: aliyedhurika ardhini anatakiwa kuonyesha tu kwamba ndege iliyokuwa angani ndiyo iliyosababisha. Uingereza ina kanuni kama hiyo katika sheria yake ya usafiri wa anga ya 1982, na Ujerumani vilevile katika sheria yake ya anga. Sababu yake ninaiona ya haki kabisa: mtu aliyeketi garini hana namna ya kujikinga na kitu kinachotoka juu, wala hakuchagua kuwa sehemu ya mchezo. Mrushaji wa droni asiyejua hili hujitayarisha kusema "sikuwa mzembe, ni upepo", na anakuta sentensi hiyo haina kazi.

Na Mkandarasi? Anayeajiri mtaalamu wa nje kwa kawaida habebi makosa yake, ila akiwa amemchagua asiyefaa au ameingilia kazi. Msimamizi wake aliomba kituo kihamishwe. Ingewezekana kujenga hoja hapo, na niliifikiria. Tuliiacha, kwa sababu ombi lilikuwa la busara na Msaidizi alikuwa na haki ya kulikataa au kurekebisha mipangilio yake.

Kilichofanya kazi, kilichokwama

Kumbukumbu ndizo zilizookoa kampuni hii, na karibu zote zilihifadhiwa kwa bahati: simu ambayo ingeweza kutupwa, faili za video ambazo zingeweza kufutwa kupata nafasi, barua pepe moja. Hati ya bima ya droni haiangalii tu kwamba umelipa ada. Inauliza chombo gani, mikononi mwa nani, kwa kazi gani, kwa masharti yapi, na inauliza siku mbaya kuliko zote. Majibu yalikuwepo lakini hayakuwa mahali pamoja.

Kibali kiliwapotosha. Wote wawili waliamini kwamba kwa kuwa mamlaka imewaruhusu kuruka, basi wako salama kwa mambo yote. Mamlaka na bima ni milango miwili tofauti. Kanuni za Part 107 za Marekani hazimlazimishi rubani kuwa na bima hata kidogo, ilhali Ujerumani inamtaka hata anayerusha kwa kujifurahisha awe nayo. Umoja wa Ulaya una Kanuni 785/2004 inayoweka viwango vya chini vya bima ya vyombo vya angani, ikiacha nje ndege za mfano zisizofika kilo 20. Na pale ambapo mamlaka haidai bima, dhima iko palepale. Tofauti ni kwamba unaibeba mwenyewe.

Kukata bima ya saa chache kwa kila kazi, ambayo wengi huniuliza, kusingewasaidia zaidi hapa, kwa sababu ina masharti yaleyale ya rubani na chombo. Kilichowapungukia ni kusoma kurasa zilezile walizokuwa nazo.

Na kama kuna anayedhani haya ni ya wanaoanza tu: tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya kamera ya televisheni ilianguka mita chache nyuma ya Marcel Hirscher akiwa katikati ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji, dunia nzima ikitazama. Hakuguswa.

Yaliyobadilika tangu hapo

Msaidizi sasa ametajwa kwa jina kwenye jedwali, na nakala ya hati iko ndani ya begi la droni pamoja na namba ya kupiga na karatasi ya maneno ya kusema kwa aliyeumia: pole, tunakuita msaada, hii hapa namba yetu na ya bima yetu. Daftari ni moja kwa wote wawili. Mikataba ya kazi wanairudisha na sentensi ya kubeba kila kitu ikiwa imefutwa, na kuandikwa kwamba watabeba madhara yanayotokana na uzembe wao. Mteja mmoja amekataa na wakaacha kazi yake.

Jalada halijafungwa. Mkono wa Dereva ulipona, lakini alilalamika kufa ganzi kidogo kwenye kidole kimoja, na muda wa kisheria wa kudai majeraha bado haujaisha. Hati yao inalipia tukio lililotokea wakati bima ilikuwa hai, hata dai likija baadaye, kwa hiyo dai hilo likija litapelekwa kwa kampuni ileile, chini ya hati ya mwaka ule. Diski ya video, simu yenye kioo kilichopasuka na droni iliyovunjika vimefungwa kwenye sanduku moja, juu yake imeandikwa tarehe ambayo haliruhusiwi kufunguliwa wala kutupwa kabla yake.